Jiwe la Likasi ndani ya mchezo: historia ambayo vijana wa maneti wanapaswa kuijua

Likasi – Katika komini zote nne za mji, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, vijana wanacheza michezo ya video na wanabishana juu yake. Wengine wanasema michezo ya mpira ya zamani ya Konami, ile ya PES kwenye PlayStation 2, haijapata mpinzani hadi leo, kwa kuwa mpira unatembea kama mpira na mchezaji mwenye akili anamshinda mwenye timu kubwa. Wengine wanajibu kwamba hayo ni mawazo ya wazee, kwamba mchezo wa EA, ulioitwa FIFA hadi mwaka 2023 na sasa unaitwa EA Sports FC, una sura za wachezaji jinsi zilivyo na viwanja jinsi vilivyo. Wenye simu wanasifu Free Fire kwa sababu unakubali hata simu ya bei ndogo, na wanalalamika kwamba unakula mega. Wapenda hadithi wanazungumzia GTA San Andreas, wapenda bunduki wanazungumzia Call of Duty. Umeme ukikatika, mabishano yanaendelea gizani.

Ni mabishano mazuri. Kijana anayeeleza kwa nini mchezo huu ni bora kuliko ule anajifunza kupima kitu na kutoa sababu. Lakini kuna sehemu moja ya habari inayokosekana karibu kila mara, nayo inauhusu mji wenyewe. Historia ya michezo ya video inapita Likasi, tena si mara moja. Inapita Shinkolobwe, inapita kwenye kobalti ya Kambove na Kolwezi, na inapita kwenye umeme wa mto Lufira. Inagusa pia vita vilivyowafukuza wengi kutoka makwao, wakiwemo walioonja Pweto mwaka 2000 na wanaoikimbia Kivu sasa. Makala haya yanaifuata historia hiyo hatua kwa hatua, na yanatenganisha yaliyo kweli na yanayosemwa tu.

Kutoka Shinkolobwe hadi mchezo wa kwanza wa tenisi

Machimbo ya Shinkolobwe yako kilomita 20 na kidogo kutoka katikati ya mji. Jiwe lenye urani lilitambuliwa pale mwaka 1915, wakati kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa inatafuta shaba. Kwanza kilichotafutwa katika jiwe hilo kilikuwa radi, madini ya bei kali iliyotumiwa na waganga. Urani yenyewe haikuwa na soko kubwa.

Vita vya pili vya dunia vilibadili hesabu. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Mbelgiji Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za jiwe hilo New York, akalihifadhi kwenye ghala la Staten Island ili lisianguke mikononi mwa Ujerumani. Mwezi wa 9 mwaka 1942 jeshi la Marekani likalinunua, kisha likaagiza mengine. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa na urani nyingi kupita karibu kila jiwe lililojulikana wakati ule. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mpango wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilitoka katika ardhi ya mji huu, ambao wakati huo uliitwa Jadotville. Bomu la Hiroshima lilianguka tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945. Wafanyakazi waliolichimba jiwe hawakuambiwa lilikokwenda.

Hapa ndipo mchezo unapoingia. Katika maabara ya Los Alamos, ambako bomu lilitengenezwa, alifanya kazi mtaalamu wa vyombo vya umeme aitwaye William Higinbotham. Kikundi chake kilihusika na saa za umeme zilizopanga sekunde ya mlipuko. Baada ya vita Higinbotham aliungana na wataalamu wengine waliotaka silaha hizo zizuiliwe, akawa mwenyekiti wa kwanza wa shirikisho lao. Kisha akaenda kufanya kazi katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York.

Maabara hiyo ilikuwa na siku za kuwakaribisha raia waje kuona kazi zake. Higinbotham aliona kwamba wageni wanachoka kutazama mashini zisizofanya kitu mbele yao. Mwezi wa 10 mwaka 1958 aliunganisha kompyuta ndogo na kioo cha kupimia umeme, akatengeneza mchezo wa tenisi wa watu wawili. Kila mchezaji alikuwa na kisanduku chenye kitufe cha kupiga na kirungu cha kuzungusha ili kupanga mwelekeo wa mpira. Mamia ya watu walipanga mstari wakisubiri zamu. Mwaka uliofuata aliongeza njia ya kucheza kana kwamba uko mwezini, ambako mpira ni mwepesi, au kwenye sayari ya Jupita, ambako ni mzito. Baada ya hapo mashini ikafunguliwa, vipande vikatumiwa kwa kazi nyingine.

Wanahistoria wengi wanauhesabu mchezo huo, Tennis for Two, kati ya michezo ya kwanza kabisa ya video iliyotengenezwa kwa ajili ya kufurahisha watu tu. Higinbotham, aliyefariki mwaka 1994, alitaka akumbukwe kwa kazi yake ya kupinga silaha za atomiki, si kwa mchezo. Hakuna anayeweza kusema kwamba mchezo ule ulitengenezwa na urani ya Likasi. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba mtu aliyeutengeneza alifanya kazi katika mpango uliolishwa na jiwe la Shinkolobwe, na kwamba mstari wa watu waliosubiri zamu ya kucheza ulipangwa mbele ya mashini ya fundi huyo.

Miaka ya mashini za nyumbani, miaka ya treni

Mwaka 1972 mashini ya kwanza ya kuchezea nyumbani, Odyssey ya kampuni ya Magnavox, iliuzwa Marekani, na mwaka huo huo Atari ilitoa Pong. Mwaka 1983 Nintendo ya Japani ilitoa mashini yake ya nyumbani, na mwaka 1989 Game Boy ya kubeba mkononi. Tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 1994 Sony iliuza PlayStation ya kwanza.

Katika miaka hiyo Likasi ilikuwa inapita njia yake. Jina la Jadotville liliondolewa mwaka 1966. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na kampuni iliyozaliwa ikaja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1993 ilikuwa imeshuka hadi karibu tani 50,000. Mishahara ilisimama, hospitali na shule za kampuni zikadhoofika, na wazazi wengi wakaingia mashambani au machimboni na nyundo.

Ni wakati huo huo, kuanzia mwaka 1992, ambapo familia nyingi zenye asili ya Kasaï zilifukuzwa makwao Likasi, kisha Kolwezi. Maelfu ya watu walijazana kwenye kituo cha treni na katika shule za mji, wakisubiri kwa wiki na miezi mabehewa ya kuwapeleka eneo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliishi. Kuna waliokufa wakisubiri, na kuna waliokufa njiani. Kumbukumbu hiyo inaumiza pande zote, na haina sababu ya kufichwa. Inaeleza pia kwa nini mashini za michezo zilichelewa kuingia nyumba nyingi za mji: mahali pengine ilikuwa miaka ya kununua televizio ya pili, hapa ilikuwa miaka ya kuuza ile ya kwanza.

Kwa hiyo mchezo ulipofika Likasi, haukuja kama mali ya nyumba moja. Ulikuja kama biashara ndogo ya mtaa: televizio, mashini moja au mbili, mabenchi, na malipo kwa kila mechi. Aliyefungwa anaacha maneti, aliyeshinda anabaki. Njia hiyo ya kucheza ndiyo iliyozaa mabishano. Mtu anayecheza peke yake nyumbani kwake anaweza kuuona mchezo mbaya kuwa mzuri. Mtu anayecheza mbele ya watu kumi wanaosubiri zamu husikia maoni kumi.

«Vita vya PlayStation»: kweli au uongo?

PlayStation 2 iliuzwa kwa mara ya kwanza Japani tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 2000, na Marekani tarehe 26 mwezi wa 10 mwaka huo. Watu walilala nje ya maduka. Mashini zilikuwa chache kuliko wanunuzi, na Sony ilisema ilikosa vipuri vya kutosha. Katika mwaka huo huo bei ya koltani ilipanda kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana: kutoka dola 30 au 40 hivi kwa ratili moja mwanzoni mwa mwaka hadi zaidi ya dola 300 mwishoni. Koltani inatoa tantali, madini yanayotumiwa katika kapasita, vijipande vidogo vinavyotunza na kutoa umeme ndani ya simu, kompyuta na mashini za michezo.

Kutokana na mambo hayo mawili ilizaliwa hadithi ambayo wengi wameisikia: kwamba Kongo ilipigana kwa ajili ya PlayStation. Mbunge wa Uingereza Oona King alisema kwamba watoto wa Kongo walipelekwa kufia machimboni ili watoto wa Ulaya na Marekani waue viumbe vya kubuni sebuleni. Miaka michache baadaye waandishi wa Marekani wakaanza kutumia maneno «vita vya PlayStation».

Hadithi hiyo ina ukweli ndani yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwezi wa 4 mwaka 2001, walionyesha jinsi majeshi ya kigeni na waasi walivyochota mali ya mashariki ya Kongo. Walikadiria kwamba jeshi la Rwanda peke yake liliweza kupata dola milioni 250 katika miezi 18 kutokana na koltani. Mwishoni mwa mwaka 2000 waasi wa RCD walioshika Goma na Bukavu walilipa kampuni moja haki ya kuuza koltani yote ya eneo lao. Bei ile iliwaingizia wenye bunduki fedha nyingi, na wakulima wengi wa Kivu waliacha mashamba wakaingia mashimoni.

Lakini tarehe zinakataa hadithi nzima. Vita vilianza tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 1998, mwaka mmoja na nusu kabla PlayStation 2 haijaonekana dukani. Mashini ya mchezo hutumia tantali kidogo tu. Sehemu kubwa zaidi ilikwenda kwenye simu na kompyuta, ambazo mwaka 2000 zilinunuliwa duniani kote kwa wingi, na wafanyabiashara walijaza maghala wakiogopa upungufu. Aidha, wakati huo mchimbaji mkubwa wa tantali duniani alikuwa Australia. Bei ilianguka mwaka 2001, lakini vita havikuisha. Na mwezi wa 12 mwaka 2000, bei ikiwa juu kabisa, mapigano makubwa yalikuwa Pweto, ambako maelfu walivuka kwenda Zambia. Pweto haikupiganiwa kwa ajili ya koltani; ilikuwa njia ya jeshi.

Jambo hili lina uzito kwa familia zilizokimbia. Anayeambiwa kwamba nyumba yake ilichomwa kwa sababu ya mchezo wa watoto wa Ulaya anapewa mkosaji asiye na uso. Waliobeba bunduki, waliotoa amri, walionunua mzigo na waliotia sahihi wapo katika ripoti kwa majina. Mchezo uliongeza kiu ya soko, haukutoa amri. Hata leo ni hivyo. Tangu mwaka 2024 machimbo ya koltani ya Rubaya, Masisi, yako mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba kundi hilo linakusanya huko angalau dola 800,000 za ushuru kwa mwezi. Swali la nani anauza na nani ananunua bado lina majibu yenye majina.

Jiwe la hapa ni kobalti

Koltani ni habari ya Kivu, Maniema na kaskazini mwa Katanga ya zamani, kama Manono. Jiwe la Likasi, Kambove na Kolwezi lililo ndani ya mchezo ni kobalti, na njia yake ni betri.

Mwaka 1980 kikundi cha mtaalamu John Goodenough, huko Oxford, Uingereza, kilionyesha kwamba mchanganyiko wa kobalti na lithi unaweza kutunza umeme mwingi katika nafasi ndogo na kuutoa tena mara nyingi. Kobalti ndiyo inayoshikilia umbo la ndani la betri ili lisivunjike kila lithi inapoingia na kutoka. Kampuni ya kwanza kuuza betri ya namna hiyo, mwaka 1991, ilikuwa Sony, ile ile iliyotoa PlayStation miaka mitatu baadaye.

PlayStation 2 ilichomekwa ukutani na maneti yake ilikuwa na waya, kwa hiyo haikuhitaji betri hiyo. Mambo yalibadilika baadaye. Nintendo DS ya mwaka 2004 na PSP ya Sony iliyoifuata zilibeba betri ya lithi. Mwaka 2006 PlayStation 3 ilikuja na maneti isiyo na waya, yenye betri ndani. Kisha zikaja simu za kisasa, na mwaka 2017 Nintendo Switch. Leo kijana anayecheza Free Fire Kikula ameshika mkononi kobalti ambayo huenda ilitoka kilomita chache kutoka alipoketi, ikapelekwa hadi Asia, ikasafishwa, ikaingizwa kwenye betri, ikarudi Likasi ndani ya simu yenye bei inayozidi pato la mwezi la aliyeichimba.

Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Sehemu yake inachimbwa na makampuni makubwa, sehemu nyingine na wachimbaji wa mikono. Shinkolobwe yenyewe inaonyesha jinsi historia hizi zinavyokutana. Machimbo ya urani yalifungwa wakati wa uhuru, lakini baadaye maelfu ya wachimbaji walirudi pale, safari hii wakitafuta kobalti. Mwezi wa 1 mwaka 2004 rais alitoa agizo la kufunga eneo. Mwezi wa 7 mwaka huo shimo lilianguka, watu 8 wakafa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja kupima, na kijiji cha wachimbaji kiliondolewa. Walioishi pale nao wakawa watu waliohamishwa, ingawa hawakuhesabiwa kama wakimbizi wa vita.

Mwezi wa 1 mwaka 2016 Amnesty International, pamoja na shirika la Afrewatch la hapa Kongo, lilitoa ripoti juu ya kobalti. Ilieleza watoto wanaookota, kuosha na kubeba mawe, na watu wazima wanaoshuka mashimoni bila kinga. Kati ya makampuni yaliyoulizwa kobalti yao inatoka wapi yalikuwemo Sony na Microsoft, watengenezaji wa PlayStation na Xbox.

Mwezi wa 12 mwaka 2019 familia za watoto waliokufa au kuumia machimboni zilifungua kesi Marekani dhidi ya Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla. Mwezi wa 3 mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya Washington iliwakatalia. Ilisema kununua kitu kupitia mnyororo mrefu wa wauzaji si sawa na kushirikiana katika kazi ya kulazimisha watu. Kwa maneno ya mtaani: mnunuzi wa mwisho yuko mbali mno kuhukumiwa.

Maoni ya wachezaji wa mbali yalifanya nini

Mtu anaweza kusema maoni ya mchezaji hayabadili kitu. Historia inasema yanabadili, lakini si kila mara kwa faida.

Kuanzia mwaka 2009 hivi, mashirika ya Marekani yaliwaambia vijana wanunuzi wa simu na michezo waulize kampuni zao juu ya madini ya Kongo. Mwaka 2010 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinazidai kampuni zieleze kama tantali, bati, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani. Mwaka 2012 shirika la Enough Project lilipanga kampuni kwa alama, na Nintendo ikapata sifuri. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Intel ikatangaza kwamba vipande vyake vya kompyuta havina tena madini ya makundi ya silaha. Hayo ni matunda ya wanunuzi waliouliza, wakiwemo wachezaji.

Lakini upande wa pili upo. Mwezi wa 9 mwaka 2010 serikali ya Kinshasa ilisimamisha uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema kwa miezi sita. Ilipofungua tena, wanunuzi wengi wa ng'ambo walikuwa wamekimbia kwa kuogopa sheria mpya. Wachimbaji waliokosa soko walishindwa kulipa shule na dawa, na makundi mengine ya silaha yakahamia kwenye dhahabu, ambayo inafichika kirahisi. Aliyecheza Chicago alitoa maoni, na aliyechimba Walikale akakosa mkate. Kosa halikuwa kuuliza. Kosa lilikuwa kuuliza bila mchimbaji kuwepo mezani.

Tena sheria ile haikutaja kobalti. Sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2021 nayo ilihesabu madini yale yale manne. Kwa hiyo jiwe la Haut-Katanga na Lualaba lilibaki nje ya orodha zote mbili, ingawa ndilo lililo katika kila simu inayochezewa.

Kongo jinsi michezo inavyoionyesha

Michezo yenyewe nayo imetoa maoni juu ya sehemu hii ya dunia. Far Cry 2, ya mwaka 2008, inamweka mchezaji katika nchi ya Afrika isiyo na jina, yenye vita, ambako analipwa almasi na anaugua malaria. Metal Gear Solid V, ya mwaka 2015, iliyotengenezwa na Konami, kampuni ile ile ya PES, ina sehemu nzima kwenye mpaka wa Angola na Zaire mwaka 1984, ikiwa na watoto waliobebeshwa silaha na wengine waliofungwa kwenye mgodi wa almasi. Mchezaji anayemuua mtoto katika mchezo huo anapoteza papo hapo.

Mwaka 2011 kikundi cha Italia, Molleindustria, kilitoa mchezo mdogo wa simu, Phone Story. Katika hatua ya kwanza mchezaji anaongoza walinzi wenye silaha wanaowatisha watoto wa Kongo waendelee kuchimba koltani. Akiwaonea huruma, anashindwa. Apple iliutoa mchezo huo dukani mwake muda mfupi baada ya kuuweka. Ukabaki kwenye simu za Android.

Michezo hii mitatu inatofautiana kwa uzuri na kwa nia. Lakini katika yote Mkongomani, au Mwafrika anayefanana naye, ni adui, mateka au mchimbaji. Hakuna ambamo yeye ndiye anayeshika maneti. Kuna Waafrika walioanza kubadili hilo: mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o ya Kameruni ilitoa Aurion, mchezo wa mapigano wenye wafalme, malkia na ulimwengu uliobuniwa kutoka mila za Afrika. Mlango uko wazi, na hadithi za mji huu, kuanzia urani hadi kituo cha treni, zinasubiri wa kuzisimulia.

Umeme wa mchezo

Hata giza linalokatiza mechi lina historia. Bwawa la Mwadingusha, kwenye Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930 ili kuendesha viwanda vya Union Minière, na Koni ikafuata miaka ya 1950. Mitambo ya Mwadingusha ilipochakaa, ilitengenezwa upya, ikakamilika mwaka 2021 ikiwa na megawati 78, kwa mkataba wa SNEL na wenye mgodi wa Kamoa-Kakula wa Kolwezi, ambao walihitaji umeme huo. Tangu mwanzo, basi, maji ya Lufira yalifungwa kwa ajili ya madini kwanza, nyumba za watu baadaye. Mwenye chumba cha michezo anayenunua mafuta ya jenereta kila jioni analipia mpango uliochorwa kabla babu yake hajazaliwa.

Maoni ya Likasi yana uzito

Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno. Mwezi wa 10 ikaufungua tena kwa kiwango: tani 96,600 kwa kila mwaka 2026 na 2027. Kwa mara nyingine dunia ya betri iligeuka kutazama upande huu. Waliohesabu walikuwa mawaziri, makampuni na wafanyabiashara. Wachimbaji wa mikono na familia zilizohamishwa kupisha migodi hawakuhesabiwa mezani, na vijana wanaozishika betri hizo kila jioni hawakuulizwa.

Vijana wa Likasi wana jambo ambalo wachezaji wa Tokyo na Chicago hawana: wanaujua mchezo, na wanalijua jiwe. Wana ndugu aliyeshuka shimoni, jirani aliyefika kutoka Kivu na godoro kichwani, mzee aliyefanya kazi Shituru wakati mishahara ililipwa. Mchezaji wa namna hiyo akisema mchezo fulani ni mzuri, maoni yake ni sawa na ya mwingine yeyote. Akisema betri ya mchezo huo imepita mikono ya nani, maoni yake yanazidi, kwa sababu ameona.

Basi jioni mabishano yakiendelea, PES au FIFA, Free Fire au Call of Duty, kuna maswali mengine ya kuongeza kwenye benchi. Betri hii kobalti yake ilinunuliwa kwa nani, na kwa bei gani? Mtoto aliyeiokota anasoma shule gani leo? Waliohamishwa kupisha shimo walilipwa nini? Maswali hayo hayazuii mtu kufunga bao. Na kama hayakuulizwa Likasi, yataulizwa mbali, na majibu yatatolewa na watu wasiojua Panda iko upande gani wa mji.